Malkia, Biblia na Mgeni Aliyepiga Magoti

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, sebule haijawa sebule mpaka ukutani patundikwe picha. Nyingine ni kalenda ya duka la mbolea, nyingine ni picha ya arusi au ya kijana siku aliyopewa shahada, na nyingine ni ile ya Bwana Yesu ameshika taa usiku, akibisha mlango ulioota magugu. Hii ya mwisho watu wengi huijua, wala hawajui nani aliyeichora na nani aliyeichonga. Mchoraji wake alikuwa Mwingereza William Holman Hunt, na mmoja wa wale walioifanya ienee duniani alikuwa mchongaji wa mabamba aitwaye William Henry Simmons. Simmons huyo huyo, katika mwaka wa 1864, alichonga bamba la picha nyingine ambayo ndani yake yamkini yumo mtu wa Mombasa. Habari za picha hiyo zastahili kujulikana na kila mtu mwenye kupenda mambo ya kale, hasa katika nchi ya majani ya chai, ambako Waingereza waliacha alama nyingi.

Picha yenyewe yaitwa The Secret of England's Greatness, yaani Siri ya Ukuu wa Uingereza. Ilichorwa kwa rangi za mafuta, yapata mwaka 1863, na Thomas Jones Barker, na sasa imo katika jumba la picha za watu mashuhuri, National Portrait Gallery, mjini London. Malkia Victoria amesimama katika chumba cha kupokelea wageni katika ngome ya Windsor, amevaa nguo nyeupe na mshipi wa rangi ya samawati begani, naye anainama kidogo huku akitoa kitabu. Kitabu hicho ni Biblia. Mbele yake amepiga magoti mtu mweusi aliyevaa kilemba, vito na ngozi ya mnyama begani, naye amenyosha mikono kupokea. Nyuma wamo Prince Albert mume wa Malkia, bibi mmoja mkubwa wa nyumba ya kifalme, Marchioness wa Ely, na mabwana wawili wa serikali, Lord Palmerston aliyekuwa Waziri Mkuu na Lord John Russell aliyeshughulika na mambo ya nchi za kigeni.

Wote hao majina yao yanajulikana. Mmoja tu hakuandikwa jina, naye ndiye yule aliyepiga magoti.

Hadithi ambayo picha hii imejengwa juu yake ilikuwa ikisimuliwa sana Uingereza katika miaka ya 1850. Ilisemwa kwamba mfalme mmoja wa Afrika alimtuma balozi wake kwenda kumwuliza Malkia ni nini kilichoifanya Uingereza kuwa na nguvu na utajiri kupita mataifa mengine. Malkia hakumwonyesha manowari zake, wala majeshi yake, wala hazina ya fedha. Alimpa Biblia iliyojalidiwa vizuri, akamwambia amwambie bwana wake kwamba hiyo ndiyo siri. Watu wa makanisa waliipenda mno hadithi hii, wakaihubiri na kuipiga chapa katika vijitabu. Huko Ireland ya Kaskazini wanachama wa vyama vya Orange waliipaka picha hii kwenye bendera zao kubwa za maandamano.

Lakini hadithi hiyo haina msingi. Wataalamu wa jumba hilo la London wenyewe hueleza kwamba ni kisa kilichopendwa na watu bila kuwa na ushahidi. Na hata picha yenyewe yaonyesha kwamba haikuchorwa mbele ya tukio. Prince Albert alifariki mwezi wa Desemba 1861, na mjane wake akavaa nguo nyeusi za msiba tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 1901. Yapata mwaka 1863, Barker alipoichora, hapakuwa na Malkia mwenye nguo nyeupe wala hapakuwa na Albert wa kusimama nyuma yake. Mchoraji aliwafufua wafu na kuwavua wajane kaniki yao, maana ndivyo wanunuzi walivyotaka kuwaona.

Mtu huyo Barker alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1815 katika mji wa Bath, na baba yake, Thomas Barker, alikuwa mchoraji mwenye sifa. Mwaka 1834 kijana huyo alikwenda Paris kuwa mwanafunzi wa Horace Vernet, bingwa wa kuchora vita na farasi, aliyekuwa amefika Algeria na kupenda sana kuchora kanzu na majoho ya Waarabu. Alikaa Ufaransa zaidi ya miaka 10, akapata nishani katika maonyesho ya Paris. Mfalme Louis Philippe alimwagiza picha ya kifo cha Mfalme Louis wa 14, nayo ikaharibiwa na watu wa ghasia katika mapinduzi ya mwaka 1848. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Uingereza mwaka 1845, na huko akajulikana kwa picha kubwa za vita hata alipofariki mwaka 1882.

Katika picha hizo za vita ndipo mtu anapoweza kuijua kazi ya Barker ilivyokuwa. Alipochora majemadari wa Uingereza, Ufaransa na Uturuki mbele ya Sebastopol, hakuwa amewaona huko. Mpiga picha Roger Fenton alipelekwa kwenye vita vya Crimea mwaka 1855 na kampuni ya Agnew, wauzaji wa picha, na nyuso alizozileta ndizo zilizomsaidia Barker. Alipochora kuokolewa kwa mji wa Lucknow katika Bara Hindi, picha ya mwaka 1859, hakuwa amefika Bara Hindi. Agnew walikuwa wamempeleka Msweden mmoja, Egron Lundgren, akachora michoro midogo mingi ya watu na mahali, na Barker akaiunganisha London. Hapana aibu katika hilo. Hata seremala hapandi mti kila apatapo kazi ya meza. Ila yafaa kukumbuka kwamba mtu huyu alizoea kuchora yale ambayo macho yake hayakuyaona.

Na biashara ilikuwa katika chapa. Picha kubwa ya mafuta ni moja tu, nayo mwenye nayo ni mmoja. Kwa hiyo wauzaji waliizungusha katika miji, watu wakalipa kiingilio kuitazama, na pale pale mlangoni kulikuwa na daftari ya kuandikisha majina ya wale waliotaka nakala itakapokuwa tayari. Mchongaji alichukua bamba la chuma, akaigeuza picha ya rangi kuwa ya weusi na weupe kwa sindano, patasi ndogo na dawa ya tindikali, kazi ambayo yaweza kumla miezi mingi. Wino ulipakwa, ukafutwa juu ukabaki mashimoni, karatasi yenye unyevu ikawekwa, na mashine ikagandamiza kwa nguvu. Nakala za kwanza kabisa, ambazo bado hazijaandikwa maneno chini, ziliuzwa ghali. Zile za baadaye zikawa rahisi, mpaka mwalimu wa shule ya kijiji akaweza kununua. Bamba la chuma halichakai upesi kama la shaba, na ndiyo sababu chapa za wakati wa Victoria ni nyingi hata leo.

Wingi huo wapaswa kumwonya mtu asiye mzoefu. Mtu wa Kericho akiletewa picha kuukuu katika fremu nzito, akaambiwa kwamba ni mali ya thamani kubwa kwa kuwa ni ya Malkia, na asitoe fedha zake kwanza. Aitoe picha katika fremu akaitazame mchana. Chapa ya bamba huwa na mbonyeo mwembamba kuizunguka pande zote nne, mahali ambapo ukingo wa bamba ulikandamiza karatasi, nao waweza kuonekana au kupapaswa kwa kidole kama ukingo wa karatasi haukukatwa. Kisha achukue kioo cha kukuzia. Kazi ya mkono itaonyesha mistari na nukta zisizolingana, nyingine nene na nyingine nyembamba, na wino umesimama kidogo juu ya karatasi. Nakala ya kiwanda ya siku za baadaye itaonyesha nukta zilizojipanga safu kwa safu, kama mistari ya majani ya chai iliyopandwa kwa kamba. Chini ya picha, upande wa kushoto, ndipo palipozoeleka jina la mchoraji, na upande wa kulia jina la mchongaji. Ikiwa kioo kinaonyesha nukta za safu, hiyo ni picha ya kutosha kupamba ukuta, wala bei yake isizidi ile ya mapambo.

Tena nchi ya Kericho ni nzuri kwa chai lakini ni mbaya kwa karatasi. Huko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mawingu ya alasiri huingia hata ndani ya nyumba. Karatasi hunywa unyevu huo ikaota madoa ya rangi ya kahawia kama kutu, na ikigusana na kioo yaweza kugandama. Picha isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala karibu na jiko la kuni, wala mbele ya dirisha la jua. Kadibodi ya kawaida iliyo nyuma yake ina tindikali inayoichoma karatasi polepole hata iwe manjano na kukatika. Yafaa iondolewe, iwekwe karatasi safi isiyo na tindikali, na ukingo mnene uachwe kati ya picha na kioo ili hewa ipite. Gundi na utepe wa plastiki visitumike kamwe. Mambo haya yafaa hata kwa cheti cha shule na cheti cha ubatizo, ambavyo katika nyumba nyingi vina thamani kupita chapa ya Malkia yeyote.

Sasa turudi kwa yule mgeni. Kwa miaka mingi watu walimtazama kama Mwafrika tu, wa mahali popote. Wachunguzi wa siku hizi wamependekeza kwamba huenda mfano wake ni Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa. Huyu ni mtu wa kweli. Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, aliiteka Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, na Ali bin Nasr akawa liwali wake. Mwaka 1838, mwaka ambao Malkia Victoria alitawazwa, alitumwa London kupeleka salamu na zawadi za bwana wake. Mwaka 1842 alitumwa tena, akasafiri katika merikebu Sultana.

Yastahili kufikiriwa kwamba London aliyoiona Ali bin Nasr mwaka 1838 ilikunywa chai ya China. Chai ya kwanza ya Assam iliuzwa kwa mnada katika mji huo Januari 1839. Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yalianza yapata mwaka 1924 na 1925. Balozi yule hakuwa amekuja kuomba siri ya ukuu. Alikuja kama balozi wa mfalme aliyekuwa rafiki na mshirika wa Waingereza, ambaye katika mwaka wa 1836 alimpa Mfalme William wa Nne manowari nzima, iitwayo Liverpool, Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Waandishi wa historia ya Unguja husimulia kwamba Malkia naye alimpelekea Seyyid Said gari la kifahari la kukokotwa na farasi, na kwa kuwa Unguja wakati ule haikuwa na barabara ya kulipitisha, Seyyid hakulitumia, akaligawa kwa mtawala mmoja wa Bara Hindi.

Je, ni yeye kweli aliyechorwa? Hapa yafaa kwenda polepole. Ali bin Nasr alipokuwa London, mara ya kwanza na ya pili, Barker alikuwa mwanafunzi na mchoraji Paris. Kwa hiyo kama sura ile ina chembe ya Ali bin Nasr, ilimfikia Barker kwa njia ya michoro ya watu wengine au kwa masimulizi, miaka 20 baadaye. Mtu aliyesimama, au tuseme aliyepiga magoti, mbele ya mchoraji yawezekana alikuwa mtu mweusi yeyote wa London aliyelipwa kwa saa. Mavazi yake pia yana mchanganyiko: kilemba ni cha watu wa bahari, lakini ngozi ya mnyama begani si vazi la liwali wa Mombasa kwenda kumwona mfalme. Na zaidi ya yote, Ali bin Nasr alikuwa Mwislamu, mjumbe wa mtawala Mwislamu. Mchoraji wa mjini alichukua kitu hapa na kitu pale, akamtengeneza Mwafrika ambaye wanunuzi wake wangemtambua upesi.

Biblia kwa hakika ilifika Mombasa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alishuka Unguja, na Seyyid Said ndiye aliyempa barua ya kuwataka maliwali wake wampokee vyema. Krapf akakaa Mombasa, akamzika huko mkewe na mtoto mchanga mwezi wa Julai mwaka ule ule, na bado katika mwaka huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ruhusa ilitoka kwa mtawala wa Kiislamu, na aliyeleta kitabu hakuwa Malkia. Watu wa Kericho na Bomet walikipata kitabu hicho kwa wamisionari wa bara, na Biblia nzima ya Kikalenjin ilipigwa chapa mwaka 1969, baada ya bendera ya Uingereza kushushwa.

Wazee wa Kenya wana mzaha wao wa siku nyingi kuhusu Biblia na ardhi, ambao hauna haja ya kurudiwa hapa. Katika Kericho mzaha huo haumchekeshi kila mtu. Kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ardhi ya Wakipsigis ilihesabiwa kuwa mali ya Taji, na walowezi waliweza kupewa mikataba ya miaka 999. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa ambalo Speke alikuwa amelipa jina la Malkia huyo huyo mwaka 1858. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Na mwaka 2023 Mfalme Charles, ambaye kwa Victoria ni kilembwekeza, alifika Kenya, akasema wazi kwamba Wakenya walitendewa ukatili usio na udhuru wakati wa kupigania uhuru, ila hakuomba radhi rasmi. Mtu anayeyajua hayo akiitazama chapa ya Simmons, macho yake hayaendi kwenye kitabu peke yake. Huenda pia kwenye magoti ya yule mgeni, na kwa wale mabwana wawili wa serikali waliosimama nyuma, ambao hawana kitu mikononi cha kumpa.

Iko picha nyingine ya wakati huo ambayo yafaa kutajwa karibu na hii. Mwaka 1840, merikebu ile ile Sultana ilifika New York ikiwa na tende, kahawa, ngozi, pembe za ndovu na karafuu. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman, katibu wa Seyyid Said, mtu wa kalamu na hesabu. Wamarekani walimtembeza mjini kwa heshima, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts. Ahmad bin Na'aman amevaa kilemba chake mwenyewe, uso wake ni wa mtu mmoja asiyefanana na mwingine, hakupiga magoti mbele ya mtu, na jina lake limeandikwa.